Usiitikie Usilolisikia

Rashidi,

Acha kutabasamu. Nakujua. Umeona mwandiko wangu tu, hata neno hujasoma, meno yameshatoka. Lifunge hilo tabasamu, keti chini, usome. Na ukimaliza usije ukaniambia "naam, bibi". Hiyo naam yako ndiyo iliyonishikisha kalamu leo, mie mtu mzima, vidole vimepinda kama tangawizi.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kwa kuwa hizo za skuli sikufunzwa. Pahali nilipokosea, nyoosha mwenyewe, ulisoma chuo kimoja nami. Wala sikuandiki ili nikupe maagizo ya safari. Kufua unajua, kuswali unajua, na njia ya Kisauni kwa mjomba wako unaijua. Nakuandikia kwa sababu nikikusemesha kwa mdomo na maneno yakawa machungu, unafumba macho. Ndiyo tabia yako tangu u mdogo. Watoto wa wenzangu wakigombezwa huziba masikio. Wewe hufumba macho, nami hubaki natikisa midomo mbele yako kama samaki aliyetupwa mchangani. Mbele ya karatasi fumba utakavyo. Ukifumbua, maneno yapo.

Haya. Leo adhuhuri, kwenye chakula, mjomba wako Athumani alisema nawe. Athumani nimemzaa mwenyewe, kwa hivyo nikimtukana humu ni haki yangu. Alikuwa na tonge mdomoni, uso ameuinamishia sinia, na hayo masharubu yake aliyoyafuga yamemfunika mdomo wote. Hata mie mwenye masikio yangu nalimsikia kwa taabu. Alikwambia mambo matatu ukaitikia yote. Nalikuwa nakutazama. Hukupata hata moja. Sasa nakuandikia ulichokikubali.

La kwanza alisema: "Nyapara wa machimboni nimemwambia wewe ni mpole, huna maneno mengi. Ya masikio sikumwambia, nawe usimwambie." Ukasema naam.

La pili alisema: "Mawe ya kule hupasuliwa kwa baruti. Wakishatoboa mwamba wakaitia, mtu hugonga chuma na kupiga ukelele, na kila mmoja hukimbilia nyuma ya ukuta." Ukasema naam.

La tatu alisema: "Basi ukinisikia nakwita, kimbia." Wallahi ndivyo alivyosema. Ukinisikia. Nawe ukasema naam, mjomba, na tabasamu juu yake, ukaendelea kuchambua mwiba wa samaki.

Nikarudisha tonge langu siniani.

Ulipotoka kwenda kunawa nalimshika. Nikamwambia, "Athumani, unampeleka mtoto kufa."

"Nampeleka kazini, mama. Nitakuwa ubavuni mwake. Mlipuko ukiwa karibu nitamvuta mkono."

"Na siku umekwenda haja?"

"Mama!"

"Nakuuliza. Na siku una homa umelala nyumbani?"

"Mama unatia nuksi. Wakijua ni kiziwi hawamchukui, basi. Gatini wamemkataa. Fundi wa cherehani amemkataa. Mpaka wasuka makuti wamemkataa, na makuti hayataki masikio. Kule Kisauni sasa kila mtu anataka nyumba ya mawe, uhuru unakuja, kazi haitakatika. Unataka aketi hapa mpaka lini? Akuchotee maji mpaka ufe? Halafu?"

Nikaanza kuokota miiba ya samaki siniani. Kisha akaniongezea, polepole, kama mtu anayeweka kisu chini:

"Na hiyo naam, mama, nani aliyemfunza? Mie?"

Si yeye. Ni mie. Nawe wakumbuka.

Usinyanyue macho, sijamaliza. Na hiyo pasi iweke mbali na kanzu, makaa yataruka.

Ulikuwa umekaribia kuhitimu Kurani homa ilipokulaza. Shingo ilikakamaa kama gogo, ukawa huwatambui watu. Nalikuuguza mie, mama yako akiwa ameshaolewa huko Vanga, na nalimwambia Mungu nipe huyu, usinipe kingine. Akanipa. Ulipoinuka nikachinja kuku. Siku chache baadaye nalikuita kutoka kisimani uniletee kata ya kuchotea maji. Nikakuita, nikakuita. Umenipa mgongo, wachora mchangani. Nikasema, ugonjwa umemtia kiburi. Nikaja na mwiko, nikakupiga nao mgongoni. Uligeuka ukanitazama, na macho yako hayakuwa ya mtoto mkaidi. Yalikuwa ya mtu aliyepigwa na mpita njia. Nilipaswa kujua pale pale. Sikutaka kujua.

Aliyeniambia ni maalim wa chuoni. Alisimama nyuma yenu akapiga makofi kwa nguvu. Wenzako wote wakaruka, wewe ukaendelea kusoma. Akanijia mpaka hapa barazani. "Bi Mwanaisha, mjukuu wako hasikii."

"Ana nta," nikamwambia.

Nikakutia mafuta ya nazi ya vuguvugu. Nikakunywesha kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa. Nikakuvusha feri mpaka kwa daktari, naye akatikisa kichwa. Nikarudi hapa kwetu Timbwani, na kila aliyeuliza nikamwambia u mgonjwa. Anaumwa masikio, yuko kwenye dawa. Miaka tisa mtu anaumwa masikio! Nalilipenda neno hilo kwa kuwa mgonjwa kuna siku hupona. Kiziwi ni kiziwi. Neno hilo halikutoka mdomoni mwangu, na aliyelitamka mbele yangu nalimwona adui.

Watoto wenzako hawakuhangaika na neno kiziwi. Walikuita bubu. Wewe! Mtoto uliyekuwa na maneno kuliko redio ya Mhindi! Siku ile ya bomba huijui, nakuhadithia leo. Nalikuwa kwenye foleni ya maji, nyuma yangu Mwanakombo, jirani huyu huyu tuliyepakana naye ukuta wa kiambaza. Akaniambia, "Bibi wa bubu, hebu sogeza debe lako."

"Bubu mamako! Mjukuu wangu anasema."

"Mbona mie simsikii?"

Nikachukua debe lake nikammwagia kichwani. Watu walicheka mpaka foleni ikavunjika. Nikarudi nyumbani kanga imerowa, kichwa juu, najiona nimekupigania. Nikakukuta uani. Ulikuwa umemwona nyoka kwenye makuti ya paa na unataka kunieleza, na sauti yako ikatoka kubwa, nzito, inapanda na kushuka ovyo, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Mwenyewe huisikii, utaipimaje? Nami nikatazama kile kiambaza, nikajua Mwanakombo yuko upande wa pili anakamua kanga yake na anasikia. Nikakuziba mdomo kwa mkono.

Ukasema tena, chini kidogo. Nikakuziba tena.

Ukasema kwa mnong'ono. Hapo nikakuacha. Na kesho yake vilevile, na kesho kutwa, mpaka ukawa husemi nami ila umenigusa kwanza bega na kutazama kama mlango umefungwa. Mwanakombo alikuita bubu kwa mdomo wake. Mie nalikufanya bubu kwa mkono huu unaoandika.

Naam tuliifikia baada ya hapo. Tulikuwa tunangoja feri. Ulikuwa unatazama meli inaingia Kilindini, na mzee mmoja wa kilemba akapita akakutolea salamu. Hukuitika. Akasimama, akarudia, akakupiga kofi la shavu. "Mtoto wa Kiislamu haitikii salamu! Kalelewa na nani huyu?" Akazungusha macho kumtafuta aliyekulea, yakanifikia mie.

Neno moja tu lilitakiwa, Rashidi. Hasikii. Mzee yule angeona haya, angekuomba radhi, huenda angekushika kichwa akakuombea dua. Lakini watu walikuwa wengi, na yeye ameuliza kalelewa na nani, na mie ni Mwanaisha, watoto wa mtaa mzima hufunzwa adabu kwa kuogopeshwa jina langu. Nikasema, "Niwie radhi, sharifu. Nitamtia adabu."

Nikakutia. Uani hapa, jua kali. Nikajifanya yule sharifu, nikajifunga kilemba cha kanga. Mdomo ukifunguka hivi na mkono ukipanda kifuani, sema waalaikumu salaam. Nikajifanya mwuza samaki, nikajifanya bibi kizee, nikajifanya Mwanakombo na nyonga zake zile, ukaanguka chini kwa kicheko, nami nikaanguka. Mtu akikukazia macho akangoja, sema alhamdulillahi, hatujambo. Akikunja uso, sema niwie radhi. Na lolote likikupita, mwanangu, lolote usilolijua, tabasamu useme naam. Naam haigombani na mtu.

Ulifunzika upesi. Watu wakaanza kuniambia, "Mashaallah, Bi Mwanaisha, kijana wako ana adabu, mtulivu, hana ubishi." Nikala sifa hizo kama halua. Kumbe nimekufunza kukubali kila kitu duniani.

Ya madafu sitaki kuirefusha, inanichoma. Mwenye shamba alikushika njiani akakuuliza, "Ni wewe unayeniangulia madafu yangu?" Ukatabasamu. Naam. "Na jana pia ni wewe?" Naam. Akakuburura mpaka kwa mzee wa mtaa, ukaulizwa mbele ya watu, ukasema naam mara ya tatu, tena kwa heshima, mikono umeifunga mbele. Nilipofika wameshakukatia fimbo. Na hata hapo, Rashidi, hata hapo na fimbo ikiwa mkononi mwa mtu, neno lile halikunitoka. Nikasema, "Msameheni, huyu ni mgonjwa," nikagusa kichwa. Sikugusa sikio. Nikagusa kichwa. Wakakutazama kama anavyotazamwa mwendawazimu, wakasema maskini ya Mungu, mwacheni aende.

Njiani ukanigusa bega. "Bibi, umewaambia nini?"

"Nimewaambia wewe mtu mzuri."

Ukafumba macho. Ulikuwa unatembea, na ukafumba macho.

Sasa nikueleze lililonipata wiki iliyopita, na hapa nakupa ruhusa ucheke. Unamjua Zaina anayekaanga samaki pale watu wanaposhukia feri. Mie miaka yote nikimpita nageuza uso. Naona mwanamke hana haya, anapigia watu kelele: "Mie kiziwi! Nionyeshe vidole! Wataka wangapi?" Na watu wanaonyesha vidole, wananunua, wanaondoka. Yule mwenye haraka akisahau akamsemesha kisogoni, jirani yake humgusa kwa kijiti. Hapunjwi, hatukanwi. Athumani alipoleta habari za machimbo nikamwendea. Sijui nalitaka nini. Nikasimama mbele yake nikaonyesha vidole viwili. Akanifungia samaki, kisha akaniambia kwa sauti ya kuamsha maiti, mbele ya abiria wote:

"Bi Mwanaisha! Yule mjukuu wako anayejifanya anasikia, hajambo?"

Abiria hata hawakugeuka kushangaa. Mwuza maembe akaitikia, "Hajambo, nalimwona jana." Wanajua, Rashidi. Likoni nzima inajua. Miaka yote hii tunacheza mchezo wetu, mie na wewe, na watazamaji wameona mpaka nyuma ya pazia. Wamenyamaza kwa kunihurumia. Mie! Nikahurumiwa na mwuza maembe!

Nalirudi nyumbani na samaki sikuwala, nikampa paka.

Lakini nikawaza. Hapa kila mtu anajua, ndiyo maana u hai. Baiskeli ikija nyuma yako mtu hukuvuta, na wewe wadhani ni bahati. Dereva wa lori la mchanga hupunguza mwendo akiona kofia yako. Huko Kisauni hakuna anayejua ila mtu mmoja, na mtu huyo anakwenda haja kama watu wote. Kule naam yako na tabasamu lako vitawatosha kabisa. Nyapara atakwambia, "Leo tunapasua upande huu, usikae hapa." Naam, bwana. Chuma kitagongwa. Wenzako watakimbia, na wewe umeinama unachonga jiwe, mgongo umewapa, kama siku ile ya kisima. Mlipuko utakuja kuusikia kwa nyayo, kama unavyosikia ngoma za harusi. Ila nyayo zitakuambia jiwe likiwa limeshafika.

Sikuzuii kwenda. Athumani alidhani nitakuzuia, na wewe pia, ndiyo maana tangu asubuhi unapiga pasi kanzu moja. Nimeona ulivyofurahi. Umri wako wenzako wanatafutiwa wake, na wewe unatumwa chumvi. Athumani hana ubaya. Amekutafutia kazi wakati wengine wote walikufungia mlango, na ameficha kwa sababu ameona mie nikificha. Swali lake la "halafu" sina jawabu lake. Nitakufa, ndiyo, sitaishi kukuchunga. Lakini "halafu" ni ya mtu aliye hai, mjukuu wangu, mume wangu.

Kwa hivyo sikiliza. Nimeandika sikiliza, na siifuti. Sikiliza kwa macho.

Ukinyanyua hiyo kanzu utakuta kitambaa chekundu kimekunjwa chini yake. Ndicho kisutu changu, kile nilichoolewa nacho, ambacho mama yako alinililia nimpe nikamnyima. Nimekichana leo. Kipande chako hicho kimeshapindwa. Hapa nyumbani nikikutaka sikuiti. Napunga kanga, nawe unakuja hata ukiwa kwenye minazi ya mbali. Basi na wao wapunge. Utampelekea nyapara, umwambie mwenye kugonga chuma akifunge kijitini akiinue juu kabla hajagonga, na wewe upewe pahali pa kufanyia kazi unapomwona yeye muda wote. Na mtu wa kukugusa bega, mmoja kila upande, si mjomba wako peke yake.

Utasema mwenyewe. Athumani asikusemee, na mie sitakuja. Usimwambie unaumwa. Usimwambie ni nta, wala ni homa ya zamani inayokaribia kupona. Usiguse kichwa. Mwambie kiziwi, kwa hilo hilo neno, kwa sababu ndilo analolijua mtu wa machimboni na ndilo litakalomfanya ainue kitambaa. Nalikuwa naliona tusi. Leo mchana Athumani alipolitamka, nikilisikia kwa mara ya kwanza katika nyumba hii, nalingoja nyumba ianguke. Haikuanguka. Paka alipiga miayo.

Huenda akakukataa. Sitakudanganya, nimekudanganya vya kutosha. Huenda akasema sitaki kiziwi machimboni, na mjomba wako akakununia njia nzima. Basi utarudi kwa feri ya jioni na kitambaa changu, na mie nitakupikia, na kesho yake tutakwenda wote kwa wasuka makuti. Hapo sitasema mgonjwa, wala maskini. Nitawauliza mbele ya watu makuti yanasukwa kwa sikio gani. Wakitukataa tutakwenda kwa mwingine. Mdomo ninao.

Na nyapara akikukubali, usimwamini siku ya kwanza. Tazama kama kitambaa kinainuka. Siku kisipoinuka, weka nyundo chini, toka, usimwangalie mtu usoni usije ukajikuta unatabasamu.

Jua limeanza kuinama na bado unaichezea pasi. Iweke. Athumani amerudi, yuko kwenye kiti kile cha kamba, naye nimemwambia anyoe masharubu kabla ya kusema nawe tena. Mwanakombo yupo kwake, namsikia anapepeta mchele.

Ikunje karatasi hii, uitie kifuani. Kisha inuka, uje hapa barazani nilipoketi, usimame mbele yangu, umpe mgongo mjomba wako. Sema: "Mimi ni kiziwi." Sema kwa ile sauti yako, ile kubwa niliyoiziba. Mikono yangu nimeikalia. Nami sitaitikia, wala sitatikisa kichwa, wala sitakuachia uende kufunga mzigo, mpaka Mwanakombo afungue dirisha lake kuuliza kuna nini.